Nice: neno lililoanza kama tusi

Nice tunalitumia kila saa, chakula nice, picha nice, jamaa nice, na wengi tunadhani toka enzi na enzi lilikuwa neno la kusifia. Sivyo kabisa. Lilipoingia kwenye Kiingereza kama mwaka 1300 hivi, likitokea Kifaransa cha zamani, kumwita mtu nice ilikuwa ni kumwambia mjinga, hana akili. Asili yake ni Kilatini, nescius, yaani asiyejua, ne inakanusha na scire ni kujua, na hiyo hiyo scire ndo imezaa neno science.

Sasa lilipandaje mpaka likawa sifa? Polepole sana. Kutoka mjinga likaenda kwa mtu mwoga mwoga, halafu kwa yule anayechaguachagua, hali hiki wala havai kile, na mtu wa hivyo ndo huyo huyo anayeona tofauti ndogo ambazo wengine zinawapita, kwa hiyo likaanza kumaanisha makini. Maana hii bado ipo, mwanasheria akisema nice distinction hazungumzii tofauti nzuri bali tofauti nyembamba sana. Hii yetu ya kupendeza ni ya juzi tu, imeshika karne ya 18.

Shida ni kwamba hizi maana ziliishi pamoja muda mrefu, hapo ndo wasomaji wanapotea. Kwenye Romeo and Juliet ya Shakespeare kuna barua ya kumjulisha Romeo kwamba Juliet hajafa, kanywa dawa ya usingizi tu, sasa barua ikakwama njiani na padri aliyeiandika akasikitika kwamba haikuwa nice. Ukiisoma kwa nice ya leo utadhani aliandika maneno makali, kumbe anasema haikuwa barua ya mambo madogo, ilibeba uhai wa watu, na kweli wote wawili wakafa. Walimu wanaofundisha tamthilia hii wasiuruke huo mstari jamani.

Halafu kuna silly, hili lilienda njia ya kinyume. Kwenye Kiingereza cha kale lilikuwa la heri, mtu aliyebarikiwa, likashuka hadi asiye na hatia, kisha wa kuhurumiwa, mwisho mpumbavu. Ndugu yake wa Kijerumani, selig, mpaka leo ni mwenye heri.