Woody Strode na umbali wa kamera

Katika filamu za kikauboi steringi hujulikana mapema: ndiye anayeingia mjini akiwa juu ya farasi, ndiye mwenye maneno mengi, na kwa kawaida ndiye anayebaki hai. Kazi ya kufundisha historia ya filamu imenizoesha kuwatazama wengine, yaani waigizaji wa pembeni ambao sura zao tunazikumbuka hata pale majina yao yanapotutoka. Kati yao hakuna ninayemrudia mara nyingi kama Woody Strode, Mmarekani mweusi aliyezaliwa Los Angeles mwaka 1914 na kufariki tarehe 31 Desemba 1994. Ukizipanga filamu zake kwa mfuatano wa miaka, utaona kwamba mwigizaji anaweza kuonekana mara kwa mara na bado asipewe nafasi, ikiwa kamera inaridhika kumtazama kwa mbali.

Strode aliingia kwenye sinema kupitia mlango wa michezo. Katika Chuo Kikuu cha UCLA alicheza mpira wa Kimarekani kwenye timu moja na Kenny Washington na Jackie Robinson, na mwaka 1946 yeye na Washington walisajiliwa na Los Angeles Rams, jambo lililovunja mwiko wa zaidi ya miaka kumi ambapo ligi ya NFL haikuwa na mchezaji mweusi hata mmoja. Baadaye alicheza Kanada, akatwaa ubingwa na timu ya Calgary mwaka 1948, kisha akaingia kwenye mieleka ya kulipwa. Studio zilimtaka kwa sababu ya mwili huo: urefu wa karibu mita 1.93, mabega mapana, kichwa kilichonyolewa. Kwa miaka mingi ya 1950 alipewa kazi ya kusimama na mkuki katika zile “Afrika” zilizojengwa kwenye viwanja vya studio kule California, na katika The Ten Commandments ya mwaka 1956 alikuwa mfalme wa Ethiopia anayepita mbele ya macho yetu kama sanamu iliyopakwa mafuta.

Mwaka 1960 mambo yalibadilika mara mbili. Katika Spartacus aliigiza Draba, mtumwa anayelazimishwa kupigana hadi kufa na Spartacus ili kuwaburudisha wageni wa Kirumi. Anamshinda, anamwekea mkuki wa ncha tatu shingoni, kisha badala ya kumuua anaurusha mkuki ule kwa mabwana waliokaa juu na kuanza kupanda kuwafuata. Nafasi hiyo fupi ilimfikisha kwenye orodha ya walioteuliwa kuwania tuzo ya Golden Globe. Ninachowaonyesha wanafunzi wangu, hata hivyo, ni dakika zinazotangulia pambano, pale wawili hao wanapoketi wakikabiliana ndani ya kibanda cha mbao wakisubiri kuitwa. Strode hafanyi lolote. Anatazama tu, kwa utulivu wa mtu ambaye ameshaamua jambo, nasi hatujui ni jambo gani hadi mkuki unapotoka mkononi mwake.

Filamu ya pili ya mwaka huo, Sergeant Rutledge ya mwongozaji John Ford, ndiyo iliyopaswa kumfanya steringi. Inasimulia kesi ya sajini wa Kikosi cha Tisa cha wapanda farasi, kilichokuwa cha askari weusi, anayeshtakiwa kwa kumbaka na kumuua msichana mzungu na kumuua baba yake ambaye ni afisa. Studio ilitaka mwigizaji mwenye jina kubwa zaidi. Ford akashikilia kwamba lazima awe Strode. Pamoja na hayo, jina linalotangulia katika orodha ya waigizaji ni la Jeffrey Hunter, anayemtetea mahakamani, na jina la Strode linafuata chini ingawa filamu yote inamhusu yeye. Ford alimpiga picha nyingi akiwa amesimama dhidi ya anga, kamera ikimtazama kutoka chini, huku askari wenzake wakiimba wimbo wa kumsifu. Ni picha nzuri kweli, lakini bado ni picha za mnara. Anaposhuka na kuwa mtu ni kizimbani, mwendesha mashtaka anapombana aeleze kwa nini alirudi kuwaonya wenzake ilhali alikuwa ameshatoroka na angeweza kuwa huru. Kamera inasogea hadi usoni, sauti yake inakatika katikati ya sentensi, na jibu lake kwamba kikosi kile ndicho nyumba yake, na kwamba yeye ni mtu, linatoka kama kitu alichokuwa amekibana kwa miaka. Strode mwenyewe alijivunia zaidi kipande kingine, pale anapouvuka mto Pecos kwa kasi juu ya farasi. Alisema kwamba siku hiyo aliwavusha watu weusi wote. Namwelewa, ila mimi nabaki upande wa kizimba.

Ford huyo huyo alimfanya Mkomanchi, mmoja wa wenyeji wa asili wa Amerika, katika filamu ya 1961 na shujaa wa Kimongolia katika ile ya 1966, kana kwamba rangi yake ingeweza kugawiwa kokote panapohitajika mtu asiye mzungu. Kati ya hizo mbili ipo The Man Who Shot Liberty Valance ya mwaka 1962, ambamo Strode ni Pompey, mfanyakazi wa Tom Doniphon anayeigizwa na John Wayne. Ufuatilie usiku anapouawa Liberty Valance, mauaji ambayo sifa yake anapewa mtu mwingine, pale unapoonyeshwa mara ya pili. Doniphon yuko gizani kwenye uchochoro, anamwita Pompey kwa sauti ya chini, bunduki inarushwa na kudakwa, risasi moja inatoka, kisha bunduki inarudi kwa mwenyewe. Siri nzima ya filamu, siri iliyompa mtu huyo mwingine useneta, imeshuhudiwa na Pompey kwa macho yake, na hakuna anayemuuliza kitu. Miaka inapita, tunamkuta mzee kando ya jeneza, na seneta anamwekea fedha mkononi. Wapo wanaoiona nafasi hii kuwa ya kudhalilisha, na hawakosi hoja. Mimi naona kwamba Strode anamwigiza mtu anayejua zaidi ya wote waliomo chumbani, na anafanya hivyo bila kuomba tumwonee huruma.

The Professionals ya mwaka 1966 naipitia haraka: kati ya wataalamu wanne wanaovuka mpaka kuingia Meksiko, yeye ndiye mpiga mishale na ndiye mwenye maneno machache kuliko wenzake.

Ndipo akaja mwongozaji wa Kiitaliano, Sergio Leone. Mwanzo wa Once Upon a Time in the West ya mwaka 1968 unadumu zaidi ya dakika kumi, karibu bila maneno, watu watatu wenye bunduki wakisubiri treni kwenye stesheni ya nyikani. Strode amesimama chini ya tangi la maji. Tone linamwangukia kichwani, anatazama juu, anavaa kofia na kubaki pale pale. Matone yanaendelea kupiga ukingo wa kofia kwa mlio ambao Leone ameukuza makusudi, na treni inapokaribia anaivua kofia taratibu na kuyanywa maji yaliyojikusanya. Uso wake umejaa pazia zima. Baadaye Strode alisema kwamba Hollywood haikuwahi kumpa shoti za karibu kama hizo. Alitia chumvi kidogo, maana kile kizimba cha Ford kipo, lakini tofauti aliyoiona ni ya kweli: Ford alimsogelea alipotaka kusikia neno, na Leone alimsogelea bila kumdai neno lolote.

Italia ikawa makao yake ya kazi kwa miaka kadhaa. Mwaka huo huo wa 1968 Valerio Zurlini alimpa nafasi kuu katika Seduto alla sua destra, akiwa Maurice Lalubi, kiongozi wa Kiafrika anayekamatwa na kuteswa, mhusika aliyechongwa waziwazi kutokana na Patrice Lumumba, aliyeuawa Katanga tarehe 17 Januari 1961. Zurlini anamfananisha mno na Kristo, kiasi kwamba siasa ya Kongo inafifia, na msomaji wa Lubumbashi ana haki ya kulalamika. Hata hivyo, kwa kipimo ninachokitumia hapa, ndiyo filamu inayomtazama Strode kwa muda mrefu zaidi kutoka karibu.

Alifanya kazi hadi mwisho. The Quick and the Dead, iliyotoka mwaka 1995 akiwa ameshafariki, ilitolewa kwa kumbukumbu yake. Kabla ya hapo, mwaka 1993, Mario Van Peebles alimtumia katika Posse kama mzee msimulizi, kamera ikiwa usoni pake, akieleza habari za makauboi weusi ambao historia iliwaacha nje.