Mnara wa Haki Ukijengwa Kusini, Uandikwe Nini?

Likizuka wazo la kujenga mnara wa haki za kikatiba kwenye eneo la serikali, Mtwara au Lindi, kusini mwa Tanzania, swali la kwanza huwa la fedha: zahanati haina dawa, mnara wa nini? Ni swali halali, na halmashauri itakayolikwepa itaumbuka barazani. Ila kuna swali jingine ambalo husahaulika mpaka fundi ameshachonga: utaandikwa maneno yapi?

Tuanze na eneo lenyewe. Mwaka 2009 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika shauri la mji wa Pleasant Grove, jimbo la Utah, iliamua kuwa mnara wa kudumu uliosimama kwenye bustani ya umma ni kauli ya serikali, hata kama jiwe lilitolewa na watu binafsi. Hukumu hiyo haitufungi sisi, lakini hoja yake ina mashiko. Anayepita mbele ya ofisi ya Mkuu wa Mkoa hamtafuti mfadhili. Anaona serikali imesema. Kusini minara tunaijua. Nandete, wilayani Kilwa, upo wa kuwakumbuka walioanzisha vita vya Majimaji mwaka 1905. Huo unawashukuru waliotangulia. Mnara wa haki unamdai aliye hai: polisi, afisa ardhi na mtendaji wa kata, wote waliopewa mamlaka juu ya wenzao.

Wamarekani wanao mnara wa namna hiyo Phoenix, Arizona. Ulizinduliwa Desemba 2012 karibu na jengo la bunge la jimbo, mawe ya chokaa kumi kwa marekebisho kumi ya katiba yao, yale yanayoorodhesha haki za raia, yaliyopitishwa mwaka 1791. Aliyeupigania ni Chris Bliss, mchekeshaji wa jukwaani (wanasheria tulikuwa wapi, sijui).

Kwetu hesabu haiji rahisi hivyo. Katiba ya mwaka 1977 ilianza bila orodha ya haki. Ziliingizwa na mabadiliko ya tano ya mwaka 1984, na hata hapo mahakama zilizuiwa kusikiliza madai yake hadi Machi 1988. Leo haki ziko Ibara ya 12 hadi 24, kisha unafuata wajibu. Ziko kwa Kiswahili kinachosomeka: "Binadamu wote huzaliwa huru, na wote ni sawa." Sioni sababu ya kumwajiri mtu atunge upya kwa lugha ya sherehe. Muhtasari ndio hatari zaidi, maana anayefupisha huamua nini kiachwe.

Chukua Ibara ya 18. Kabla ya mwaka 2005 uhuru wa maoni ulianza na sharti: "bila ya kuathiri sheria za nchi". Mabadiliko ya 14 ya Katiba yaliliondoa sharti hilo. Mnara uliochongwa mwaka 2000 ungekuwa hadi leo unawatangazia watu wa Lindi haki iliyo ndogo kuliko waliyo nayo. Kwa hiyo maneno yasichongwe kwenye nguzo yenyewe. Yawekwe kwenye vibao vinavyofunguka, kila ibara na kibao chake, na mwaka wa toleo uonekane.

Ibara ya 30 nayo iwepo, ingawa wengi wangependa ifichwe. Ndiyo inayosema haki hazitumiki kwa namna ya kuvunja haki za wengine au maslahi ya umma. Mtwara ya mwaka 2013, wakati wa mgogoro wa bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam, ilipitia yote mawili kwa uchungu: watu waliotaka kusikilizwa, na mali zilizoteketezwa. Mnara unaotaja uhuru wa kukusanyika bila mipaka yake utamdanganya kijana. Unaotaja mipaka peke yake utamtisha.

Kuhusu ujenzi nina machache. Hewa ya bahari hula nondo, na zege ikipasuka maandishi hubanduka. Magofu ya Kilwa Kisiwani yamesimama karne nyingi kwa matumbawe na chokaa. Sisemi tuvune matumbawe tena. Nasema chuma kisiwe ndicho kinachobeba maneno. Kibali cha ujenzi ni cha halmashauri, na Nembo ya Taifa ina sheria yake, haibandikwi kiholela. Wananchi waulizwe kabla ya ramani kukamilika, si siku ya kukata utepe.

Kibao cha mwisho kieleze pa kwenda. Ibara ya 30(3) inampa anayedai haki yake imevunjwa, inavunjwa au inaelekea kuvunjwa nafasi ya kufungua shauri Mahakama Kuu, ambayo kwa kanda hii iko Mtwara. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2020, mdai anatakiwa aonyeshe kwa kiapo jinsi yeye mwenyewe alivyoathirika, kwa hiyo atunze barua, risiti na tarehe za matukio. Asiyeweza gharama za shauri anaweza kupeleka malalamiko Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, bila malipo, na Tume ina ofisi Lindi. Kibao hicho kiwe chini, mahali ambapo mtu aliye kwenye kiti cha magurudumu anakisoma bila kuomba msaada.