Traki nane na jina la bandia: siri ya Foxboro Hot Tubs

Desemba 2007 nyimbo sita zilitokea kwenye intaneti, za kupakua bure, kwa jina la bendi ambayo hakuna aliyewahi kuisikia: Foxboro Hot Tubs. Mimi ni fundi sauti. Kazi yangu ni kukaa mbele ya mikisa, mashine ya kuchanganyia sauti, nikisikiliza sauti za watu wengine kutwa nzima. Nilipozifungua nyimbo zile, wa kwanza haukufika hata kwenye kiitikio nikawa nimeshamjua mwimbaji. Alikuwa Billie Joe Armstrong wa Green Day, bendi ya roki ya Marekani.

Jina linabadilishika, lebo, yaani kampuni inayotoa rekodi, inabadilishika, hata gitaa unaweza kuazima la jirani. Lakini namna mtu anavyoibana irabu puani, anavyolikata neno kabla halijaisha, hayo hayafichiki. Sauti ya mtu ni kama mwendo wake: utamtambua kwa mbali hata akivaa kanzu ya mwenzake. Besi ya Mike Dirnt nayo ilikuwa inatembea vilevile anavyoitembeza siku zote, na dramu za Tré Cool zilikuwa na ile haraka yake ya kuingia mbele kidogo ya kila mtu. Mashabiki wengi walitambua pia. Baadaye lebo iliyotoa albamu iliitwa Jingle Town, na Jingletown ni mtaa wa Oakland, California, nyumbani kwa Green Day. Kwa watu wanaojificha, walikuwa wameacha nyayo nyingi mno.

Basi kwa nini wajifiche, kama walijua watatambuliwa? Nimelifikiria swali hili kwa miaka, na jibu langu halitoki kwenye mahojiano yoyote. Linatoka kwenye mashine waliyotumia: rekoda ya mkanda yenye traki nane, yaani njia nane tu za sauti.

Kwanza tukumbuke walikuwa wanatoka wapi. Mwaka 2004 Green Day walitoa *American Idiot*, albamu inayosimulia kisa kimoja kuanzia mwanzo hadi mwisho, ikiwa na wimbo, "Jesus of Suburbia", wenye sehemu tano na zaidi ya dakika tisa. Ilipata Grammy ya albamu bora ya roki. Juni 2005 walipiga Milton Keynes, Uingereza, kwa siku mbili mfululizo, kila siku mbele ya watu wapatao 65,000. Ukishafika hapo, kila noti unayoipiga inapimwa kwa mizani ya albamu ile. Huwezi tena kutoa wimbo wa dakika mbili unaohusu msichana na baa bila watu kuuliza: na hadithi iko wapi?

Roki ya gereji, ndiyo waliyoipiga Foxboro, haina hadithi. Na hapa nifafanue, maana kwetu gereji ni kwa mafundi magari. Gereji inayosemwa hapa ni chumba cha kulaza gari kwenye nyumba za Wamarekani. Miaka ya 1960 vijana walikuwa wanalitoa gari la baba nje, wanaingiza dramu na amplifaya, na kupiga kelele humo hadi jirani alalamike. Muziki uliotoka humo ulikuwa na kodi tatu za gitaa, yaani noti zinazopigwa pamoja, na hasira ya kutosha.

Wazee wa mtindo huu ndio ninaowapenda kuliko wote. Mwaka 1963, huko Portland, Oregon, The Kingsmen walirekodi "Louie Louie" huku mwimbaji, Jack Ely, akipiga kelele kuelekea maiki iliyoning'inizwa juu yake. Maneno hayakusikika vizuri hata FBI wakafungua uchunguzi kujua kama yalikuwa matusi, wakaishia kusema hayaeleweki. Mwaka 1964, London, Dave Davies wa The Kinks aliichana spika ya amplifaya yake ndogo kwa wembe ili gitaa likwaruze, na mkwaruzo ule ndio unaousikia kwenye "You Really Got Me". Halafu wapo The Sonics wa Tacoma, Washington. Albamu yao ya 1965 ilirekodiwa kwa mashine ya traki mbili, na seti nzima ya dramu ilitegewa maiki moja tu. Maiki moja! Leo mimi nikimwekea mpiga dramu maiki moja ataondoka studio bila kuaga. Lakini weka wimbo wao "Strychnine" ukae kimya, halafu uniambie ni kitu gani kinapungua.

Sasa turudi kwenye traki nane. Traki ni njia moja ya sauti kwenye mkanda. Gitaa likichukua moja, besi moja na mwimbaji moja, zimebaki tano. Ukizitegea dramu maiki nne na kila moja ukaipa njia yake, imebaki moja tu, na bado gitaa la pili, kinanda, tari na waitikiaji wanasubiri mlangoni. Hapo fundi ana mambo mawili ya kufanya. Ama aziunganishe dramu zote kwenye traki moja tangu mwanzo, ama achukue traki tatu zilizokwisha kurekodiwa, azimiminie kwenye ile iliyobaki wazi, kisha azifute zile tatu ili zitumike upya. Vyovyote atakavyofanya, amefunga mlango nyuma yake. Kesho akigundua tari ilizidi, tari itabaki imezidi.

Kwenye kompyuta hakuna mlango unaofungwa. Nimewahi kurekodi bendi moja iliyofikisha traki zaidi ya sitini kwa wimbo mmoja, kwa sababu kila walipobishana juu ya gitaa lipi lipigwe tulikubaliana kurekodi yote na kuamua baadaye. Baadaye ile haikufika. Wimbo ule mpaka leo haujatoka, na sehemu ya lawama ni yangu, maana ningeweza kusema hapana.

Ndiyo maana nikisikiliza *Stop Drop and Roll!!!*, albamu iliyotoka rasmi Mei 2008, ninachosikia ni watu walioamua. Nyimbo 12, na zote zinakwisha kwa muda wa kama nusu saa. Gitaa la "Alligator" limefuata njia ya The Kinks waziwazi, bila aibu, kama mtu anayemsalimia mzee wake. "Ruby Room" imechukua jina la baa ya Oakland. "Mother Mary" ndiyo tamu kuliko zote kwangu: haina kitu cha ziada, unaweza kuihesabu ala kwa ala. Mkanda nao unafanya kazi yake. Mkanda ukijazwa sauti kupita kiasi hauchanikichaniki kama rekodi ya dijitali. Unabana kidogo, ncha kali zinalainika, na mambo yote yanashikana kama ugali uliosongwa vizuri.

Anayestahili sifa zaidi ya anazopewa ni Jason Freese. Yeye, pamoja na Jason White na Kevin Preston, walijiunga na wale watatu wa Green Day, na ndiye aliyeleta kinanda, saksafoni na filimbi. "Dark Side of Night" bila filimbi ile ingekuwa wimbo wa kawaida. Bendi nyingi zinazoiga miaka ya sitini hukumbuka mkwaruzo wa gitaa na kusahau kwamba kinanda cha bei rahisi kilikuwa nusu ya muziki ule.

Walikiri wenyewe mwaka 2008. Maelezo yao yalikuwa mepesi: wanapenda kupiga muziki papo kwa papo, walikesha wakipiga na kunywa mvinyo, mwishowe wakarekodi kwenye traki nane. Jina lilitokana na mahali walipokuwa wakijipenyeza usiku na vinywaji vyao. Mei hiyo walizunguka kumbi ndogo za Marekani, na Armstrong akawa mhubiri wa kubuni aitwaye Reverend Strychnine Twitch. Strychnine, sumu ya panya, na jina la wimbo ule wa The Sonics. Nilipolisoma jina hilo niliruka kitini.

Haikuwa mara yao ya kwanza. Mwaka 2003 walitoa albamu kama The Network, wakiwa wamevaa barakoa, na muziki wenyewe ulikuwa wa vinanda vya umeme. Barakoa zile zilikuwa mchezo mzuri, lakini kwangu Foxboro ni kitu kizito zaidi, kwa kuwa siri yao ilikuwa ndani ya rekodi yenyewe. Wasomaji wanaopenda muziki wa dansi watakumbuka kwamba Vijana Jazz nao walirekodi Nairobi katikati ya miaka ya 1970 kwa jina la Koka Koka, na sauti ya mwimbaji wao Hemedi Maneti haikumpoteza mtu. Jina la pili kwa mwanamuziki ni chumba cha pili: unaingia humo kufanya usichoruhusiwa kufanya sebuleni.

Mwaka uliofuata, 2009, Green Day walirudi sebuleni na *21st Century Breakdown*, kisa kingine kirefu, Butch Vig akiwa prodyuza. Foxboro walijitokeza tena New York mwaka 2010, wakati mchezo wa jukwaani wa *American Idiot* unaanza Broadway, na wimbo mmoja waliopiga wakati ule uliishia kwenye ¡Dos!, albamu ya Green Day ya Novemba 2012 ambayo Armstrong mwenyewe aliielezea kuwa ya roki ya gereji.

Nimezipiga albamu hizo mbili kwenye spika zilezile, moja baada ya nyingine. ¡Dos! ina nyimbo nzuri. Kila ala imekaa mahali pake, dramu ni pana, gitaa la kushoto haligusani na la kulia, na ukitaka kuisikia besi peke yake masikio yako yataipata. Kisha naiweka ile ya 2008, na besi, kinanda na dramu zinatoka kwenye kona moja ya chumba, zikisukumana.