Drili ya betri ya nyumbani: kwanza niambie utatoboa wapi

Jirani zangu wa Kiamunyi wakitaka kununua drili huniuliza kampuni gani nzuri. Mimi huwauliza wanataka kutoboa nini.

Nyumba nyingi hapa Nakuru ni za mawe ya kuchonga, na mengi ni majivu ya volkano yaliyoganda. Ni laini. Biti ya ukuta ya milimita 6 inazama hata kabla hujawasha nyundo, yaani ule mtindo wa drili kugonga huku ikizunguka. Ukiiwasha, tundu linapanuka, plagi (ile ya plastiki inayoshika skrubu ukutani) inacheza ndani, na rafu ya vyombo inabaki imeshikiliwa na maombi. Matofali ya kuchoma, kama ya kule Kakamega, ni hivyo hivyo: anza bila nyundo, iwashe ukikwama.

Kasheshe iko juu ya dirisha. Pale unapotaka kufunga fimbo ya pazia ndipo linta ilipo, ile boriti inayobeba ukuta juu ya dirisha, na linta ni zege: kokoto na nondo. Drili ya kugonga ya kawaida ina visahani viwili vyenye meno vinavyorukana, kwa hiyo nguvu ya kugonga inategemea bega lako. Biti ikikutana na kokoto ngumu, utasukuma, ngazi itatikisika, ncha itakuwa ya moto kama pasi, na tundu halijafika hata sentimita mbili. Mashine ya SDS, drili nzito ya kutoboa zege, ina pistoni inayobana hewa na kugonga yenyewe. Wewe unaielekeza tu. Kama una madirisha sita, kodi SDS siku moja au ita fundi. Kwa kazi nyingine zote, drili ya volti 18 inatosha.

Na hizo volti zenyewe! Nilishauziwa drili iliyoandikwa 48V ubavuni. Betri ilipochoka nikaifungua: seli tano. Seli moja ya lithiamu ni volti 3.6, tano zikifuatana ni 18, na zikijaa chaji ni kama 21. Hiyo 48 sijui waliitoa wapi. Zile zinazoandikwa 20V nazo kwa kawaida ni seli tano zile zile, ila wamehesabu zikiwa zimejaa.

Dukani, angalia ringi ya kuchagua kazi: lazima iwe na picha ya nyundo, si ya biti na skrubu peke yake, hata muuzaji akiapa. Mota isiyo na kaboni (brushless), vile vipande vinavyosugua ndani kupeleka umeme, ni bei zaidi, lakini haina kaboni za kuisha na hutunza chaji. Ningechukua betri mbili za ampea-saa 2 badala ya moja kubwa ya 4: mkono hauchoki ukiwa juu ya ngazi, na stima ikipotea katikati ya kazi, ya pili iko tayari.

Tundu likiisha, lipulize vumbi kwa pampu ya baiskeli kabla ya kuingiza plagi. Usipulize kwa mdomo. Vumbi lote litakurudia machoni.