Eti upendo umefukuza hofu? Panda mstari mmoja juu kwanza

Wiki hii nimeisikia tena. Safari hii kwa kijana aliyekuja na mchumba wake kwa mafundisho ya ndoa, nikamuuliza habari za mambo fulani ambayo kayaanika mwenyewe kwenye stetasi, akanijibu huku anatabasamu, "Mchungaji, mimi na Mungu tuko poa, si imeandikwa pendo lililo kamili huitupa nje hofu?" Hoja yake sikuijibu, maana ningeijibu palepale ningejibu vibaya. Sasa naandika, atakayeniuliza tena namtumia hii.

Dhana: hofu na upendo ni mizani, huku kukipanda kule kunashuka

Hii ndo inanimaliza kuliko zote. Na wanaoiamini wako pande zote mbili jamani, hawa wa "tuko poa" wanasema nimempenda Mungu kwa hiyo hofu imeisha, na wale wa kutetemeka wanasema ukihubiri sana upendo waumini watalegea, yaani wanagombana kumbe mizani ni ileile, kila mtu kakalia sahani yake.

Ukweli: mstari anaousema ni 1 Yohana 4:18. Panda wa 17 uone Yohana anaongelea nini, ni ujasiri siku ya hukumu. Na huo wa 18 unajieleza wenyewe, "kwa maana hofu ina adhabu". Anamsema mtu anayesubiri kipigo! Hiyo hofu itupwe, hata mimi nasaidia kuitupa, lakini wapi kasema kicho, yaani kumcha Mungu, nacho kitupwe? Tena Kiswahili kimetupendelea hapa, kwenye Kigiriki neno ni hilohilo fobos, lipo kwa Yohana na lipo Matendo 9:31, pale kanisa linapoenda katika kicho cha Bwana na faraja ya Roho Mtakatifu kwa pamoja, ila watafsiri wetu wakaona maana si moja, huku wakaweka hofu na kule kicho. Sisi tuliopewa maneno mawili ndo tunachanganya.

Mahali ninapopapenda mwenyewe ni Kutoka 20:20. Sinai inafuka moshi, ngurumo, baragumu, watu wamerudi nyuma wanatetemeka, Musa anawaambia msiogope, halafu kwenye sentensi ileile anawaambia Mungu amekuja ili hofu yake iwe mbele yenu msifanye dhambi. Msiogope, ogopeni! Mtu wa mizani hapo anakwama, lakini soma wa 21 utaelewa, watu wakasimama mbali, Musa akalikaribia lile giza ambamo Mungu alikuwamo. Moshi ni uleule na ngurumo ni zilezile, mmoja anasogea wengine wanarudi nyuma.

Basi kipimo changu ndo hicho, hofu yako inakupeleka wapi? Watoto wawili wamevunja kikombe cha wageni, mmoja kakimbilia kwa jirani mpaka giza linaingia, mwingine anakuja kwa mama na vipande mkononi analia. Usiniambie huyu wa pili haogopi, anaogopa sana tu, ila kinachomuuma ni kwamba kile kikombe mama alikipenda. Yule wa kwanza ni Adamu, "nikaogopa... nikajificha", Mwanzo 3:10.

Ukitaka kuivunja kabisa hiyo mizani soma Zaburi 130:4, "Lakini kwako kuna msamaha, ili wewe uogopwe." Hesabu yetu ingesema kuna msamaha kwa hiyo usiogopwe, mtunga zaburi kaenda kinyume, anayejua amesamehewa kiasi gani ndo anayeogopa kuuchezea huo msamaha. Na nyie wenzangu Walutheri mliopita kipaimara msijifanye hamjui, Katekisimo Ndogo ya Luther ya 1529 imeeleza amri zote kumi kwa kuweka kumcha Mungu na kumpenda pamoja, mlikariri mkapata cheti mkasahau.

Yule kijana nilimuuliza hivi tu, huyu binti unampenda? Sana. Kuna kitu unaogopa akikijua kitamuumiza? Mchumba akacheka, yeye hakucheka.

Dhana: Mungu wa Agano la Kale ni mkali, wa Jipya ni mpole

Ya zamani sana hii, mwalimu mmoja wa karne ya pili, Marcion, aliifundisha Roma na kanisa likamtenga mwaka 144. Anania na Safira, wale mume na mke waliomdanganya Mungu wakafa, walianguka kwenye agano lipi? Na "mwingi wa huruma, mwenye fadhili, si mwepesi wa hasira" imeandikwa Kutoka 34:6, palepale Sinai kwenye moshi.

Dhana: kumcha Mungu ni kumheshimu tu

Kama unavyomheshimu mjumbe wa mtaa? Soma Ufunuo 1:17. Kwa mapokeo ya kanisa huyu Yohana aliyeandika Ufunuo ndiye yule mwanafunzi aliyeegama kifuani pa Yesu wakati wa chakula, hakuna aliyekuwa karibu naye zaidi, lakini alipomwona katika utukufu wake akaanguka kama mfu. Na Yesu akamwekea mkono wa kuume akamwambia usiogope.

Dhana: nimepata msiba, nimeugua, Mungu ananichapa

Hapa sina ukali, maana wanaokuja na hii wanakuja wamevunjika. Wanafunzi walimuuliza Yesu habari za yule kipofu, nani alitenda dhambi, huyu au wazazi wake, akajibu si huyu wala wazazi wake, Yohana 9:3, sasa wewe nani kakupa kazi ya kufungua faili la dhambi zako kila mtoto akipata homa? Kuna mama mmoja mimba yake ilitoka akaacha kushiriki Meza ya Bwana miaka minne, akiamini ni malipo ya mambo aliyofanya usichanani, dhambi ileile ameiungama sijui mara ngapi. Nikamwambia orodha tunaifunga. Asubuhi kabla hujashika simu sema "Baba", basi, halafu kaa kimya dakika mbili, usiombe kitu, usitubu kitu. Warumi 8:15 inasema hatukupokea roho ya utumwa iletayo hofu, tunalia Aba, yaani Baba. Anasema siku za mwanzo hata hilo neno lilimkwama kooni. Sasa linatoka, Meza amerudi, ila zile dakika mbili bado anaziona ndefu, namwambia hata mimi.