Mwenyekiti, karo lisilojaa linavuja

Mwenyekiti wa kijiji kimoja cha pwani kanitumia tangazo la WhatsApp: "Tunajenga vyoo vya kisasa VISIVYOJAA MILELE." Anauliza kama kamati ilipie kimoja kwa ajili ya zahanati. Shikamoo mwenyekiti, jibu ni hapana. Na nyie wengine mnaonitumia tangazo hilohilo kila mwezi, someni hapa, maana nimechoka kujibu mmoja mmoja.

Karo, yaani tangi la chini ya ardhi linalopokea uchafu wa choo, likijengwa sawasawa hujaa, ndiyo kazi yake. Kizito kinazama na kuwa tope, mafuta yanaelea, maji ya katikati yanatoka kwa bomba la T kwenda shimo la kufyonza. Bakteria wanakula sehemu ya tope, lakini mchanga, majivu na pedi hawazili. Mimi hupiga hesabu ya lita 40 hivi za tope kwa mtu kwa mwaka. Watu sita ni lita 240, kwa hiyo karo la lita 3,000 linafika theluthi ya tope baada ya miaka minne na ushee. Hapo ndipo la kunyonywa, msingoje lifoke uani.

Lako lina miaka kumi na tano na halijawahi kunyonywa? Basi ama fundi hakumwaga zege chini, ama kuta hazikupigwa plasta, ama tope linavuka lenyewe kwenda shimoni. Hizo bayodaijesta za matangazo, yaani vyoo vinavyosemwa bakteria wake humaliza uchafu wote, nyingi nilizofunua zina kuba zuri la tofali juu, na chini ni ardhi tupu. Uchafu umekwenda kisimani, ndiyo maana hamuuoni.

"Lakini kisima kiko mita 30 kutoka shimoni!" Hili ndilo linaloniudhi kuliko yote, kwa sababu nusu yake ni kweli. Kwenye udongo laini mita 30 zina maana: maji yanapita taratibu, vijidudu vinanaswa na kufa njiani. Kwenye matumbawe, kama sehemu kubwa ya mashariki ya Unguja, mwamba una nyufa na mapango, na maji yanaweza kuukata umbali huo kabla vijidudu havijafa. Mita 30 naziandika kwenye michoro kwa kuwa ndizo zinazopitishwa, ila kwenye mwamba ule siziamini. Ukinibana niseme 60, hizo nazo siwezi kuzitetea. Ninachokiamini zaidi ni kimo: sakafu ya shimo ibaki mita mbili juu ya maji ya chini, yakipimwa masika, si kiangazi kama fundi anavyopenda. Mwamba ukiwa juujuu, achaneni na shimo. Jengeni kitanda cha changarawe kilichozibwa chini, kipandwe matete. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wameshughulika na mifumo hiyo miaka mingi, hatuanzi upya.

Na msiniambie mnachemsha maji. Kuchemsha kunaua vimelea vya kipindupindu, lakini naitreti, kemikali inayotokana na uchafu wa choo, inabaki, tena inazidi ukali kadiri maji yanavyopungua sufuriani. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 kwa lita kwa ajili ya watoto wachanga hasa.

Unga wa bakteria wa dukani: msinunue. Kinyesi kinakuja na bakteria wake.

Swali ambalo kamati haikuniuliza ni nani atanyonya. Gari liko mjini, nauli yake inazidi bei ya kunyonya, na bomba huenda lisifike. RUWASA, yaani Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, iliyoanzishwa kwa sheria ya 2019, ina "Usafi wa Mazingira" kwenye jina lake. Kwa hiyo jumuiya yenu ya maji iulizeni kama sehemu ndogo ya bei ya ndoo inaweza kutengwa kwa kazi hii. Tope likitoka, lifukieni kwenye mtaro mbali na visima, juu pandeni migomba. Mchicha usiguse hapo, mayai ya minyoo hukaa hai zaidi ya mwaka.

Kupima ni rahisi: fimbo ndefu iliyozungushiwa kitambaa cheupe, izamishwe hadi chini, isubiri dakika chache, itolewe taratibu. Alama nyeusi ndiyo kina cha tope. Ila lazima mfuniko ufunguke, mwenyekiti, kwa hiyo mwambieni fundi asipige vigae juu yake.