Mustang ya zamani na ya leo: ya vijiweni na ya kweli

Likitajwa jina la Ford Mustang, hakosekani mzee mmoja wa kutikisa kichwa na kusema: "Zile za zamani ndizo zilikuwa magari. Hizi za siku hizi ni makopo." Nimeisikia kauli hiyo mara nyingi mno, na mara nyingi kwa watu ambao boneti ya Mustang ya 1965 hawajawahi kuifungua. Wangeifungua wangeshangaa.

"Mustang za zamani zote zilikuwa V8," yaani injini ya silinda nane zilizopangwa kwa umbo la V.

Hii ndiyo dhana mama, nyingine zote ni watoto wake. Mustang ilizinduliwa tarehe 17 Aprili 1964 kwenye Maonyesho ya Dunia ya New York, bei ya kuanzia dola 2,368. Kwa pesa hiyo hukupewa ngurumo yoyote. Ulipewa injini ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, lita 2.8, nguvu za farasi 101, gia tatu za mkono na breki za dramu magurudumu yote manne. Chini ya bodi ile nzuri kulikuwa na Ford Falcon, gari la kawaida kabisa la baba wa watoto watatu anayewahi kazini. Kwa hiyo Mustang ilikuwa Falcon iliyovalishwa nguo za Iddi: boneti ndefu, mgongo mfupi, na farasi anayekimbia kwenye grili.

Na hapo ndipo palipokuwa na ujanja wa Lee Iacocca, bosi wa kitengo cha Ford wakati huo. Alitaka kijana mwenye mshahara wake wa kwanza aweze kulinunua, halafu mwenye pesa zaidi aongeze anachotaka: V8, gia nne, breki za diski mbele, redio, paa la vinili. V8 ilikuwa nyongeza ya kulipia. Wengi waliilipia, ni kweli, lakini zilizotoka kiwandani na silinda sita zilikuwa mamia ya maelfu. Siku ya kwanza tu ziliagizwa 22,000. Machi 1966 ilitoka ya milioni moja. Huuzi magari milioni moja kwa miaka miwili ukiwalenga madereva wa mashindano peke yao.

"Turbo ya silinda nne ni usaliti."

Watu wanazungumza kana kwamba injini ndogo, yenye turbo ya kuisukumia hewa iongeze nguvu, iliingia Mustang mwaka 2015. Mustang II, iliyoingia sokoni Septemba 1973 kama modeli ya 1974, ilianzia na silinda nne za lita 2.3, na mwaka ule wa kwanza V8 haikuwemo kabisa, hata kwa kulipia. Ziliuzwa karibu 386,000. Wengine husema gari hilo lilizaliwa kwa sababu ya mgogoro wa mafuta. Hapana. Waarabu walifunga bomba mwezi Oktoba, wakati gari liko madukani tayari. Ford walikuwa wamelipanga miaka kadhaa nyuma, kisha bahati ikawaangukia. Silinda nne zenye turbo nazo zilikuwepo tangu 1979, na mwaka 1984 likaja toleo la SVO lenye nguvu za farasi 175.

Sasa tuje kwenye farasi wenyewe, maana hapa ndipo wengi wanapotea. Hadi 1971 kampuni za Marekani zilipima injini ikiwa imefungwa kwenye stendi, bila mzigo wa kawaida: hakuna kichujio cha hewa, hakuna bomba la moshi la gari lenyewe, alteneta haichaji. Namba zilizopatikana zilipendeza kwenye matangazo. Kuanzia modeli za 1972 wakaanza kupima injini ikiwa na vitu vyake vyote, na kwenye karatasi magari yakaonekana yamedhoofika ghafla, ingawa sehemu ya anguko hilo ilikuwa ya kipimo tu. (Sheria za moshi zilikula farasi wa kweli pia, tusisingizie kipimo peke yake.) Kwa hiyo mtu anapokutambia farasi 271 wa V8 ile kali ya 1965, jua kwamba ni farasi wa stendi. Silinda nne ya Mustang ya 2024 ina 315 waliopimwa kwa kipimo kigumu zaidi. V8 ya mwaka huohuo kwenye toleo la GT ina 480.

Na ile namba tukufu ya 5.0 iliyobandikwa ubavuni miaka ya themanini? Injini ilikuwa na sentimita za ujazo 4,942. Lita 4.9. Hata V8 mpya iliyokuja na modeli ya 2011 ilikuwa 4,951. Imevuka lita tano kwa haki mwaka 2018, ilipofika 5,038.

"Ya zamani ni chuma, ndiyo maana ilikuwa imara."

Mustang ya 1965 ya silinda sita ilikuwa na takriban kilo 1,200. GT ya leo inapita 1,700. Kizito ni kipi hapo? Uzito wa leo umetokana na mihimili ya kukinga abiria, mifuko ya hewa, breki kubwa na vifaa vya umeme. Ya zamani ilikuwa na mkanda wa kiunoni, na nguzo ya usukani isiyokunjika ajali ikitokea. Sehemu ya juu ya tangi la mafuta ndiyo iliyokuwa sakafu ya buti. Ukigongwa nyuma kwa nguvu, kati yako na petroli kuna kiti tu. Ninalipenda gari lile, lakini mwanangu simpandishi likaenda naye barabara kuu.

Kuhusu uimara, Afrika Mashariki tuna ushahidi wetu. Safari Rally ya Pasaka 1964, wiki chache kabla ya Mustang kuzinduliwa, Wamarekani walileta timu ya Mercury Comet zenye V8, ndugu wa damu wa Falcon. Nyingi ziliishia njiani. Aliyeshinda alikuwa Peter Hughes na mwenzake Billy Young, ndani ya Ford Cortina GT, kigari cha Uingereza.

"Haikati kona." Hili lina ukweli nusu. Ekseli ya nyuma ya kipande kimoja, ambayo gurudumu moja likiruka shimo na la pili linasikia, ilidumu kwenye Mustang za kawaida hadi 2014. Hata hivyo, mwaka uleule wa 1964 Mustang zilishika nafasi ya kwanza na ya pili kwenye daraja la magari ya kawaida katika Tour de France ya magari, mashindano yaliyopita milimani. Kona zilikatwa. Dereva alitoka jasho, basi.

"Yenye usukani wa kulia imechongwa."

Zamani, ndiyo. Mafundi, hasa wa Australia, walizihamisha usukani kwa gharama kubwa. Lakini tangu toleo la 2015 kiwanda cha Flat Rock, Michigan, kinatengeneza za kulia chenyewe. Kwetu hili si jambo dogo. Mwenye ndugu Muscat au Dubai anaziona zimejaa barabarani kwa bei ya kuvutia, anasahau kwamba kule usukani uko kushoto, na Kenya, kwa mfano, hairuhusu gari la namna hiyo kuingizwa na kusajiliwa kwa matumizi ya kawaida, wala lililozidi miaka minane.

Ukibahatika kuiona ya 1965 au 1966 inauzwa mahali popote duniani, na muuzaji anaapa kuwa ni V8 ya kiwandani, usibishane naye. Inama uhesabu nati za gurudumu. V8 zilitoka na nati tano, za silinda sita zilitoka na nati nne. Nati unaweza kudanganywa, maana ekseli hubadilishwa, kwa hiyo soma na namba ya chesi: alama ya tano, ambayo ni herufi, ndiyo ya injini. Ukikuta T, gari lilizaliwa na silinda sita, na V8 unayoisikia ikinguruma imepandikizwa baadaye na mtu aliyeona aibu.